Komeo la Zizi

Nisla aliingia joto wiki ya mwisho ya Septemba,
nyasi za Tusheti zimeshashika rangi ya kutu,
nasi tunashindilia jibini katika ngozi, tayari kushuka bondeni.
Mama alimfungia katika chumba cha sufu,
akakaa kizingitini na kipande cha mkate asichokila,
kama mtu anayemtafutia bintiye mchumba.

Mimi jibu nilikuwa nalo: Babra.
Nani asiyemjua Babra? Kifua kama mlango wa kanisa,
shingoni makovu matatu, kila kovu na mbwamwitu wake.
Bwana mmoja wa Tbilisi alipanda kwa gari mpaka kwetu,
akampima mabega kwa utepe, akampiga picha,
akataja bei ambayo baba alimwomba airudie,
si kwa tamaa, alisema, ila masikio yamezeeka.

Mama hakupima kwa utepe.
Alirusha kofia yangu mbele ya mbwa,
akatazama nani anairarua, nani anainusa na kuiacha.
Alimtuma Tamriko wa jirani, miaka minne,
apite katikati yao akitafuna.
Alibeba ndoo ya maziwa, akajikwaa kusudi.
Usiku wa manane alipiga sufuria kwa mwiko
aone nani amekimbilia kelele
na nani amekimbilia kondoo.

Kisha akasema: Topala.

Topala! Sikio moja limelala,
mkia umepinda kama mkono wa kikombe,
rangi ya majivu yaliyonyeshewa.
Hajaua hata sungura.
"Mama, watu watatucheka."
"Wacheke. Unaikumbuka Abano?"

Naikumbuka. Theluji ya Mei, ukungu mzito,
hata fimbo yangu sikuiona ncha.
Babra alinusa mbwamwitu akaporomoka nao hadi mtoni,
akarudi alfajiri na damu kidevuni, tukamshangilia.
Halafu tukahesabu.
Kondoo kumi na mmoja tuliwaokota chini ya genge,
hawana alama ya jino hata moja:
walibaki peke yao na hofu, wakaruka.
Topala tulimkuta nyuma kabisa ya njia,
kando ya kondoo aliyezaa usiku ule,
theluji imemfunika mgongo wote,
na chini ya tumbo lake mwanakondoo, mkavu, wa moto,
anatafuta titi kwa mbwa dume.

"Babra anawachukia mbwamwitu," mama alisema.
"Topala anawapenda kondoo. Mimi nafuga kondoo."

Topala alikaa na Nisla siku mbili.
Usiku wa tatu, wote wamelala,
nilitoka pekupeku juu ya jalidi, Babra nyuma yangu,
nikainua komeo.
Nilijiambia nakwenda kutazama kama wana maji.

Watoto tisa walizaliwa tukiwa Shiraki.
Walipotimiza wiki saba mama aliwalaza chali mmoja mmoja,
kiganja kifuani, akihesabu mpaka thelathini:
huyu anapiga mateke kisha anatulia,
huyu analegea mapema mno,
huyu anamtazama usoni.
Wa saba, kifua kipana, doa jeupe kooni,
alimng'ata kidole kwa meno ya sindano
na thelathini ikapita hajaachia.

Mama hakuuliza.
Alinitazama miguu, kama vile jalidi bado iko.
"Tumbo moja, baba wawili," alisema.
"Hutokea, komeo likichoka."
Akanitia yule mtoto mikononi.
"Hawa nitawalea mimi. Huyu wako.
Wapo wasemao mwana wa nyoka ni nyoka,
wapo wasemao umleavyo ndivyo akuavyo.
Nenda, siku moja uje utuambie."

Sasa ana miaka mitatu. Nimemwita Lodi, yaani jabali.
Mchana hulala katikati ya kundi, Tamriko amemwegemea.
Lakini upepo ukigeuka, ukavuma kutoka msituni,
husimama, ngozi ya mgongo inamcheza,
mguu mmoja wa mbele ameuinua,
hajaushusha, ananitazama.

Nami humwekea kiganja kifuani
na kuanza kuhesabu.